Njaa ya naitrojeni, njaa ya sukari au alkoholi: uchague ipi ili hamira igeuke nyuzi?

Ukiipa hamira chakula kinono, chenye sukari na naitrojeni tele, utaona jambo lile lile kila unapochungulia kwenye hadubini: seli za duara au za umbo la yai, nyingi zikiwa na chipukizi ubavuni. Chipukizi likikomaa hujitenga na mama yake na kuanza kuchipua lenyewe. Kwenye joto la sentigredi 30 mzunguko huo huchukua dakika 90 hivi, na baada ya siku mbili koloni, yaani rundo la seli za uzao mmoja, imekaa juu ya agari (ute mgumu wa kuoteshea vijidudu) kama kifungo cha shati, ukingo wake laini.

Sasa punguza kitu kimoja katika chakula hicho. Seli zinarefuka. Binti haachani na mama, wanabaki wameshikana mmoja nyuma ya mwingine, na binti naye anachipua kwa mbele tu, mbali na upande alikozaliwa. Mnyororo huo, ambao ndio uzi, unasogea, unatoka nje ya koloni, na baadhi ya minyororo inazama ndani ya agari. Kiumbe ni kile kile na jeni ni zile zile. Kilichobadilika ni chakula.

Anayetaka kuchunguza badiliko hili ana njia kadhaa za kulianzisha, na kosa ninalolikuta mara nyingi ni kuziita zote "njaa" kana kwamba ni jambo moja. Zinatumia seli za aina tofauti, zinagusa sehemu tofauti za umetaboli (kemia ya seli ya kutumia chakula), na moja kati yake haihusu njaa hata kidogo. Nazilinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayepanga jaribio lake la kwanza, au mwalimu anayetafuta kitu cha kuwaonyesha wanafunzi kikaonekana kweli.

Unaposoma, shika tofauti hii. Kirutubisho kinaweza kuwa kuni, yaani seli inakichoma ipate nguvu na malighafi. Kinaweza pia kuwa habari, yaani seli inakitambua mlangoni na kuamua la kufanya hata kabla ya kukitumia. Ukijua unataka kuchunguza kipi kati ya viwili hivyo, nusu ya uchaguzi umeshaufanya.

Kwanza, ukoo wa hamira

Kabla ya kulinganisha vyakula, angalia hamira uliyonayo. Ukoo unaotumika sana maabara, S288C, ambao ndio uliosomwa jenomu yake yote na matokeo kutangazwa mwaka 1996, hauoti nyuzi. Jeni yake iitwayo FLO8 ina kasoro, na bila protini ya jeni hiyo swichi kubwa ya nyuzi haiwaki. Kundi la mwanajenetiki Gerald Fink lilionyesha hivyo mwaka huo huo wa 1996. Wanaochunguza nyuzi hutumia ukoo mwingine, Σ1278b, ambao FLO8 yake ni nzima.

Somo hili mimi nililipata kwa gharama. Nilikaa wiki mbili nikitengeneza chakula kipya kila baada ya siku chache, nikipunguza hiki na kuongeza kile, na koloni zikabaki mviringo. Hamira niliyopewa ilikuwa ya uzao wa S288C. Chakula changu kilikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, ila sikuwa nimeuliza ukoo. Basi uliza, na ukikosa jibu la uhakika usianze.

Jambo la pili la kuuliza ni kama seli ni haploidi, yenye seti moja ya kromosomu 16, au diploidi, yenye seti mbili. Utaona sasa hivi kwa nini.

Njaa ya naitrojeni: njia ya diploidi

Hii ndiyo njia iliyofungua uwanja mzima. Mwaka 1992 Carlos Gimeno na wenzake katika maabara ya Fink walieleza kuwa seli diploidi za hamira ya kawaida, zikikosa naitrojeni, huota minyororo ya seli ndefu. Minyororo hiyo huitwa nyuzi bandia, kwa sababu kila seli bado imetenganishwa na jirani yake kwa kibano chembamba, tofauti na nyuzi halisi za kuvu ambazo kuta zake huenda sambamba bila kubanwa popote.

Chakula chake kina glukosi asilimia 2, kiwango cha kawaida kabisa, lakini salfeti ya amonia ni mikromola 50 tu. Chakula cha kawaida cha kutengenezwa huwa na gramu 5 za chumvi hiyo kwa lita, karibu milimola 38. Yaani naitrojeni imepunguzwa zaidi ya mara 700 na sukari haijaguswa.

Watu wengi huipita sehemu hiyo ya sukari bila kuitazama, nami naona ndipo penye utamu. Njia hii inadai upungufu wa kitu kimoja na wingi wa kingine kwa wakati mmoja. Juu ya utando wa seli kuna kipokezi, Gpr1, kinachotambua glukosi na sukrosi. Kikiitambua, kinaiamsha protini iitwayo Gpa2, nayo inachochea utengenezaji wa molekuli ndogo ya kupeleka ishara, cAMP. Hiyo inaamsha kimeng'enya kiitwacho PKA. PKA ina matawi matatu, na la ajabu ni kwamba yanavutana: tawi la Tpk2 husukuma seli kuelekea nyuzi kupitia Flo8, ile protini ya jeni FLO8, huku Tpk1 na Tpk3 yakizuia.

Naitrojeni nayo ina mlinzi wake. Hamira ina protini tatu za kuingiza amonia ndani ya seli, Mep1, Mep2 na Mep3. Mwaka 1998 Michael Lorenz na Joseph Heitman waliiondoa Mep2 peke yake. Seli ziliendelea kukua vizuri kwenye chakula kile kile chenye amonia haba, kwa kuwa Mep1 na Mep3 zilikuwepo kufanya kazi ya kuingiza, lakini nyuzi hazikuota. Tafakari maana yake. Kama nyuzi zingekuwa matokeo tu ya kudhoofika kwa njaa, seli hizo zingeziota, maana uhaba haukupungua. Kilichokosekana ni mpeleka habari. Kwangu mimi hili ndilo jaribio linalotenganisha kuni na habari vizuri kuliko yote katika hamira.

Ishara hizi, pamoja na mnyororo mwingine wa vimeng'enya unaoishia kwenye protini za Ste12 na Tec1, zinakutana kwenye jeni moja: FLO11. Jeni hii hutoa protini ya ukuta wa nje inayozifanya seli zinate zenyewe kwa zenyewe na kwenye agari. Mnyororo huo wa Ste12, kwa njia, sehemu yake kubwa ndiyo ile ile seli haploidi hutumia kumtambua mwenza wa kujamiiana. Hamira imetumia mtambo mmoja kwa kazi mbili.

Ubaya wa njia hii ni wepesi wake wa kuharibika. Mikromola 50 ni kidogo kiasi kwamba uchafu wa naitrojeni uliomo kwenye agari yenyewe unaweza kuzima nyuzi, ndiyo maana agari huoshwa kwa maji safi mara kadhaa kabla ya kutumika. Seli zisizoweza kujitengenezea asidi amino fulani pia zinakuingiza taabuni, kwa sababu ukiziongezea asidi amino hizo umeziongezea naitrojeni uliyokuwa unaiondoa. Tumia seli zinazojitengenezea kila kitu. Kisha subiri siku kadhaa bila papara, na uzihesabu seli ndefu kwa hadubini: seli ambayo urefu wake unafika mara mbili ya upana au zaidi ni kipimo kinachofaa.

Njaa ya glukosi: njia ya haploidi

Mwaka 1994 Radclyffe Roberts na Fink walionyesha kuwa haploidi nazo zina namna yake: zinachimba ndani ya agari. Hazihitaji chakula maalumu. Unazipaka kwenye chakula kinono cha kawaida chenye dondoo la hamira, peptoni na glukosi, unaziacha siku tatu hadi tano, kisha unaiweka sahani chini ya maji yanayotiririka na kusugua taratibu kwa kidole chenye glavu. Zilizokaa juu zinaondoka na maji. Zilizochimba zinabaki, alama nyeupe ndani ya agari isiyotoka. Mwanafunzi wa siku ya kwanza anaweza kulifanya jaribio hili na kulielewa.

Je, chakula kinono kinaleta vipi njaa? Paul Cullen na George Sprague walijibu mwaka 2000: ni kuisha kwa glukosi. Chini ya koloni nene sukari inamalizika mapema, na seli zilizoko pale zinaacha kuchipua pembeni na kuanza kuchipua kwa mbele. Glukosi inapopungua, kimeng'enya Snf1 huamka. Kazi yake mojawapo ni kuwaondoa wazuiaji wawili, Nrg1 na Nrg2, ambao glukosi ikiwepo hukaa wameikandamiza FLO11. Swichi ni ile ile iliyotumika kwa diploidi, ila imefikiwa kwa mlango wa nyuma.

Ziweke sasa njia hizi mbili ubavu kwa ubavu. Katika ya kwanza sukari lazima iwepo ndipo Gpr1 ipeleke ishara ya kuanza. Katika ya pili sukari lazima iondoke ndipo Snf1 iondoe breki. Atakayesoma kwamba "glukosi huchochea nyuzi" na mwingine aliyesoma kwamba "glukosi huzuia nyuzi" wote wamesoma ukweli, ila hawakuangalia ni seli gani na naitrojeni ilikuwa kiasi gani. Nimeona mabishano marefu yakiisha kwa swali hilo moja.

Udhaifu wa njia ya glukosi ni kwamba inachanganya kuni na habari. Sukari ikiisha, hamira haipotezi ishara tu, inapoteza pia namna yake yote ya kuishi. Hamira hupenda kuchachusha glukosi kuwa ethanoli hata hewa ikiwepo, na glukosi ikikauka hugeuka na kuanza kuichoma ile ethanoli kwenye mitokondria. Hivyo ukiona seli imechimba, huwezi kusema upesi kama ni kwa sababu breki imeondolewa au kwa sababu mtambo mzima wa nishati umebadilishwa. Tena seli zake hazirefuki kama za diploidi. Ukitaka picha ya kupendeza ya nyuzi ndefu zilizotandaa kutoka kwenye koloni, njia hii itakuvunja moyo.

Alkoholi: umbo bila njaa

Njia ya tatu haiondoi chochote. Inaongeza. Ukitia butanoli asilimia 1, au alkoholi ya isoamili asilimia 0.5, hata ndani ya chakula kinono cha majimaji, seli za hamira zinaanza kurefuka na kushikana.

Alkoholi ya namna hii si ngeni kwa hamira. Mwaka 1907 Felix Ehrlich alieleza jinsi hamira inavyoinyang'anya asidi amino naitrojeni yake na kuutoa mwili wa kaboni uliobaki nje kama alkoholi. Lusini huishia kuwa alkoholi ya isoamili, fenilalanini hutoa feniletanoli yenye harufu ya waridi, na triptofani hutoa triptofoli. Kwa hiyo alkoholi hizi ni mabaki ya hamira iliyolazimika kutafuta naitrojeni kwenye asidi amino. Mwaka 2006 Hao Chen na Fink walionyesha kuwa feniletanoli na triptofoli ni ujumbe kati ya seli: hutengenezwa zaidi seli zikiwa nyingi na amonia ikiwa haba, na zenyewe huichochea FLO11. Taka za umetaboli zimegeuka kuwa sauti ya kundi, na seli moja inajua hali ya majirani zake kwa kile walichokitupa.

Kama kifaa cha maabara, alkoholi ina faida moja kubwa: inafanya kazi kwenye majimaji. Unaweza kuchota seli kila baada ya saa, kuzipima na kuzitoa RNA, jambo ambalo ni kazi ngumu zikiwa zimezama kwenye agari. Lakini butanoli kwa kiwango cha asilimia 1 ni mateso kwa seli, na inajulikana kuwa hukwamisha hatua ya kwanza ya kutengeneza protini. Matokeo yako yatabeba mzigo huo. Ningeitumia kupima umbo, mgawanyiko wa seli na mpangilio wa uchipukaji. Nisingeitumia kusema lolote kuhusu lishe. Triptofoli na feniletanoli ziko karibu zaidi na maisha halisi ya hamira, nami ningezipa nafasi hizo kwanza.

Njia ya kando: spora

Wapo wanaopunguza naitrojeni wakitarajia nyuzi, kisha wakakuta seli zimejaa mipira minne midogo ndani. Hizo ni spora. Diploidi iliyokosa naitrojeni kabisa, na ambayo kaboni yake si glukosi bali kitu kama asetati kinachochomwa kwa kupumua tu, haitafuti chakula kingine. Inajigawa kwa mayosisi, mgawanyiko unaopunguza kromosomu nusu, na kujifungia. Seli zilizopoteza uwezo wa kupumua haziwezi kufanya hivyo. Naitrojeni haba pamoja na sukari tele: nyuzi. Naitrojeni hakuna na kaboni ya kupumua tu: spora. Ukizikuta bila kuzitaka, angalia chanzo chako cha kaboni.

Candida albicans: ukitaka nyuzi za kweli

Hamira ya kawaida haioti nyuzi halisi. Kuvu mwingine, Candida albicans, anaziota, na anaziota upesi: akiwekwa kwenye seramu (majimaji ya damu yasiyo na seli) kwa sentigredi 37, ndani ya saa mbili hadi tatu seli zimetoa vijimrija visivyo na kibano shingoni. Kipimo hicho kimetumika miaka mingi hospitalini kuitambua.

Orodha ya vinavyoichochea ni ndefu kuliko ya hamira: seramu, joto la mwili, pH isiyo na uchachu, hewa ya kaboni dioksidi asilimia 5, asidi amino, na sukari iitwayo N-asetiliglukosamini. Ni kuvu wa kuishi ndani ya mwili, na orodha hiyo ni maelezo ya mwili. Mitambo yenyewe utaitambua. Kuna cAMP na PKA zinazoishia kwenye protini ya Efg1, na kuna Cph1 ambayo ni ndugu wa Ste12. Mwaka 1997 ilionyeshwa kuwa Candida iliyonyang'anywa Efg1 na Cph1 zote mbili hushindwa kuota nyuzi na hupoteza ukali wake kwa panya.

Kwa swali la kuni na habari, Candida inakupa kitu ambacho hamira haitoi: mifano yote miwili ndani ya kiumbe kimoja. N-asetiliglukosamini ni habari. Seli zilizoondolewa vimeng'enya vya kuimeng'enya, ambazo haziwezi kupata hata chembe ya nguvu kutoka kwayo, bado huota nyuzi zikiipata. Prolini ni kuni. Utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kuwa asidi amino hiyo lazima ichomwe ndani ya mitokondria, na ni nishati itokanayo ndiyo inayoamsha njia ya Ras1 na cAMP. Ukiuzuia uchomaji wake, umezuia nyuzi. Vyakula viwili, nyuzi zile zile, sababu mbili tofauti kabisa.

Candida pia hujibadilishia mazingira. Ikila asidi amino kwa ajili ya kaboni, naitrojeni inayobaki huitoa nje kama amonia, pH inapanda kutoka kwenye uchachu wa 4 na kupita 7, na pH hiyo mpya inachochea nyuzi. Kama hukuipima pH mwishoni mwa jaribio, hujui ni nini hasa kilichoziotesha.

Kinachonizuia kuipendekeza kwa kila mtu ni kwamba husababisha magonjwa, hasa kwa wenye kinga dhaifu. Inahitaji maabara yenye kibali, kabati la usalama na mtu aliyefundishwa. Darasani isiingie.

Ningechagua hivi

Kwa darasa, au kwa siku zako za kwanza, chukua haploidi za Σ1278b na jaribio la kuosha sahani. Ni la bei ndogo, halikosei mara kwa mara, na pembeni uweke seli zisizo na FLO11 ili wote waone sahani inavyobaki safi baada ya maji.

Kama swali lako ni jinsi seli inavyotambua kirutubisho, vumilia taabu ya diploidi na amonia haba. Hakuna njia nyingine ya hamira inayokuwezesha kubadilisha naitrojeni peke yake huku kaboni ikibaki palepale, na seli zisizo na Mep2 zinakupa ulinganisho ulio tayari.

Kama unachotaka ni mabadiliko ya saa kwa saa ndani ya seli, tumia majimaji na alkoholi za kunukia kama feniletanoli na triptofoli, ukijua huchunguzi njaa. Candida ni ya mwenye maabara inayofaa na swali linalohusu ugonjwa, au swali la prolini ambalo hamira haiwezi kulijibu.

Njia yoyote utakayoishika, tengeneza sahani moja zaidi ambayo umerudisha kile ulichokiondoa. Kwenye ya naitrojeni, rudisha salfeti ya amonia hadi milimola 38, bila kugusa kingine. Nyuzi zikipotea, ni naitrojeni iliyokuwa ikizungumza. Zikibaki, kagua pH, kagua sukari iliyosalia, kagua ukoo, na usiandike chochote kuhusu naitrojeni mpaka umepata sahani inayokutii.